Mpiga Kinubi Aliyechukia Tarumbeta

Mzee huyu alichukia tarumbeta. Naanza hapo kwa sababu yeye mwenyewe alianzia hapo kila siku, hata asipoulizwa. Ukimkuta asubuhi anakunywa kahawa kwenye ngazi za nyumba yake kule Oak Cliff, Dallas, ukamwuliza ameamkaje, atakujibu ameamka vizuri mpaka alipokumbuka kwamba duniani kuna tarumbeta.

Alikuwa mpiga kinubi. Si kile kinubi kidogo cha kwenye picha za malaika. Chake kilikuwa na tumbo pana la mbao, kikisimama kinamfika kidevuni, na nyuzi zake zilipita thelathini. Kundi zima lilimwita Maestro, yaani mwalimu, nami nilimwita hivyo hivyo, kwa hiyo hapa atakuwa Mwalimu. Jina lake nalijua. Lakini siku lilipotakiwa kuandikwa kwenye karatasi ili liniokoe, hakuliandika. Na mimi siliandiki.

Mimi nilikuwa dereva wa vani ya kundi la mariachi. Nimetoka Tanga na darasa la saba, nikafika Texas miaka ya tisini, na baada ya kazi mbili tatu za kubeba maboksi nikapewa usukani wa kubeba wanamuziki wa Kimeksiko. Watu wa kwetu waliokuwa vitongoji vya DeSoto na Cedar Hill, wale wa unesi na kompyuta, walinicheka. Wenzako wana-drive matrela, walisema, wewe unabeba wanaume wenye kofia kubwa kama nyungo. Niliwaacha wacheke. Baadaye waliacha kucheka wakaanza kunong'ona, na walichonong'ona ni kwamba niliuza tairi la spea la ile vani, na kwa sababu ya tairi hilo mtu akafa.

Sikuuza. Nasema mapema ili mtu asisome huku ananitazama kwa jicho la pembeni. Aliyesema nimeuza ni Rogelio Berlanga, mwenye kundi na mwenye vani. Aliyeandika kwamba nimeuza, bila kuniuliza hata neno moja, ni Bwana Pruitt wa bima. Na aliyejua kwamba sikuuza, akakaa kimya miaka minane, ni Mwalimu.

Sasa nimseme.

Habari za mariachi nilizipata kwake, sikuzisoma mahali. Alikuwa akinieleza kwenye zile ngazi huku anachovya mkate kwenye kahawa, na alieleza kwa hasira kama mtu anayesimulia alivyoibiwa. Alisema muziki ule ulitoka magharibi mwa Meksiko, mashambani Jalisco na majirani zake, na zamani ulikuwa wa watu wanne hivi: fidla mbili, gitaa dogo lenye mgongo uliobinuka, na kinubi cha kutoa sauti nzito ya chini. Basi. Kisha watu wakahamia mji mkuu kutafuta riziki, na kule mwanamuziki hakai, anatembea meza kwa meza. Kinubi hakitembei. Kikatolewa, likaingia gitaroni, lile gitaa la tumbo kubwa linaloning'inizwa kifuani. Halafu ikaja redio, na mabwana wa redio wakasema fidla hazisikiki vizuri, leteni tarumbeta. Ikaja moja, zikawa mbili.

"Mtu ambaye hajawahi kukanyaga shamba la mahindi," alisema, "ndiye aliyeamua mariachi iwe na sauti gani."

Nikamwambia hata kwetu ni hivyo. Nikamweleza taarabu niliyoikuta Tanga, safu ya fidla, ganuni, udi, watu wamekaa na suti zao, na jinsi kinanda kimoja cha umeme kilivyokuja kikameza wote, anabaki kijana mmoja anabonyeza vidude. Mwalimu akaweka kikombe chini. Nilikuwa nimembeba miezi minne na ndiyo siku ya kwanza aliyonitazama usoni. Akaniuliza, hao wenye fidla walikwenda wapi? Nikasema wengine wanauza samaki, wengine wamekufa. Akatikisa kichwa kama aliyepata habari za ndugu zake.

Ilikuwa shida kumpenda mtu yule. Alikuwa mkali, mbishi, na mchoyo wa sifa. Ukipiga vizuri hasemi kitu, ukikosea anaacha muziki, anakutazama, anakusubiri uombe radhi. Shule moja ya Fort Worth ilimwita afundishe mariachi, maana miaka ile shule za Texas zilianza kuifundisha kama hesabu, kwa karatasi za nota na mashindano ya vikombe. Mwalimu hakujua nota. Alijifunza kwa sikio, akataka wanafunzi nao wafumbe macho na kusikiliza. Siku ya kumi akakusanya karatasi zote za nota akaziweka nje kwenye mvua. Wakamwondoa kwa sababu hana cheti. Alirudi ndani ya vani akicheka, lakini kufika Grand Prairie kicheko kilikuwa kimekwisha.

Na yeye huyo, siku moja ya mazishi hukohuko Fort Worth, msichana wa ile shule alisimama kaburini akapiga tarumbeta peke yake, polepole, bila pambo. Nikamwona Mwalimu anavua kofia. Aliishika kifuani mpaka yule binti alipomaliza. Tulipopanda garini akanikamata mkono akaniambia, "Usimwambie mtu." Nimekaa nalo miaka yote hii, leo namwambia kila mtu.

Suti ndiyo usiseme. Mnaziona zile suti nyeusi zenye vifungo vya fedha vinavyoshuka mguuni. Mwalimu alisema zilikuwa nguo za wenye mashamba, mabwana wa farasi. Wapigaji wenyewe walivaa pamba nyeupe na kandambili za ngozi. Walivalishwa nguo za mabwana baadaye ili wapendeze mbele ya wakubwa. Alilaani ile suti kila alipoivaa. Na kila Jumamosi asubuhi aliitandika mezani akavisugua vifungo kimoja kimoja kwa dawa ya meno na mswaki mkuukuu, na ukikigusa kimoja kwa kidole anakutukana mpaka bibi yako. Nilimwuliza, Mwalimu, si umesema ni nguo ya waliowachapa wazee wenu? Akasema ndiyo, na kwa sababu hiyo haiwezi kuvaliwa chafu, maana mtu akiiona chafu atasema imemzidi mvaaji.

Berlanga yeye alikuwa na hotuba yake. Kila harusi alishika maikrofoni akawaambia wageni kwamba jina la mariachi limetoka kwa Wafaransa, kwamba askari wa Kifaransa walikuta muziki huu kwenye harusi wakaupa neno lao la ndoa. Wageni hupiga makofi. Mwalimu aliniambia ni uongo mtupu, kwamba kabla hao askari hawajakanyaga Meksiko kulikuwa na padri aliyekwisha kuandika barua kwa askofu wake akilalamikia makelele ya watu hao na akiwataja kwa jina hilohilo. Kwa hiyo kila Berlanga alipofika kwenye neno Ufaransa, Mwalimu, aliyekuwa amesimama nyuma na fidla, alikwaruza uzi mmoja kwa sauti mbaya kama mlango wa banda la kuku. Kila harusi. Nacho, mpigaji wa gitaroni, alikuwa akiinama kujificha asionekane anacheka. Berlanga hakuweza kumfukuza, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua nyimbo zote ambazo mteja anaweza kuitisha. Mtu akitaja wimbo wa bibi yake wa kijijini, Mwalimu anaujua, na anajua ufunguo wa sauti unaofaa koo la huyo mtu.

Nimesema amesimama na fidla. Kinubi chake hakikupanda vani. Berlanga alikipiga marufuku, akasema kinachukua nafasi ya watu wawili na hakuna aliyekilipia. Kwa hiyo kilikaa garaji kwake, kimefunikwa lile blanketi zito la manyoya la Kimeksiko lenye picha ya simbamarara, na hakuna aliyeruhusiwa kulifunua. Si mke wake alipokuwa hai, si binti yake. Alikibeba mwenyewe, alikifunga mwenyewe, alikifunika mwenyewe. Hili la blanketi mlishike.

Jumapili moja mchana nilikwenda kumchukua kwa misa ya saa tisa, nikamkuta garaji anakipiga. Nikasimama mlangoni kusubiri. Kumbe vidole vyangu vinagonga mbao ya mlango. Aliacha kupiga. Nikajua nimetukanwa tayari. Badala yake akaniuliza nani amenifundisha. Nikasema hakuna, kwetu mtu yeyote aliyekulia karibu na ngoma anagonga hivyo, ni kama chakacha ikichezwa na mwenye haraka.

Akaniambia nipige magoti.

Nilidhani ni mzaha. Hakuwa akitania. Alinieleza kwamba kwenye mariachi ya zamani, kwenye nchi ya joto aliyotoka yeye, kinubi kina watu wawili: mmoja amesimama kwenye nyuzi, mwingine amepiga magoti mguuni pake anaupiga ubavu wa tumbo la mbao kwa viganja, kama ngoma. Yeye alikuwa hajapata mtu wa kumpigia tangu avuke mpaka. Nikapiga magoti juu ya kipande cha zulia, nikaweka mikono, akaanza. Sijui nieleze vipi. Mbao ile ilikuwa inapumua. Nyuzi ziko kichwani, mshindo uko kifuani, na mkono wa kushoto unauliza, wa kulia unajibu. Misa tulichelewa.

Baadaye, bado ameshika kinubi, akasema, "Huu mkono haukutoka Uhispania, Moreno." Aliniita Moreno, mweusi, kama wanavyoitana wao bila matusi. "Uliletwa melini umefungwa. Waliwaleta watu wenu pwani yetu kuchunga ng'ombe na kukata miwa, wakafa, watoto wao wakachanganyika nasi mpaka hawaonekani. Mkono ukabaki kwenye mbao."

Mimi sikusoma, lakini maneno yale yaliniingia. Nilikuwa mtu wa kuulizwa kila siku natafuta nini kwao, na mzee huyu anasema nilitangulia. Tangu hapo kila Jumapili nilikwenda saa nzima kabla ya misa. Miaka minne. Nilirudi nyumbani viganja vinawaka, mke wangu Mwanaidi ananiuliza kama nimebadili dini au nimepata kazi ya kufyatua matofali.

Sasa Houston.

Kulikuwa na tamasha kule, na wenye tamasha walitaka kila kundi lionyeshe kipande kimoja cha mariachi ya zamani. Berlanga alitaka kuvalisha watu pamba nyeupe tu, wapige yaleyale, na tarumbeta zao. Mwalimu akasema kama ni zamani basi ni kinubi, na mimi miguuni pake. Berlanga alicheka. Alisema mbele yangu, kwa Kiingereza ili nielewe vizuri, kwamba hataweka Mwafrika kwenye jukwaa la Meksiko watu wakadhani ni sarakasi. Mwalimu akaanza kukunja suti yake, ile ya vifungo vya kusuguliwa, akamtupia kifuani, akamwambia atafute mtu mwingine wa kujua nyimbo za bibi za watu. Hiyo ilikuwa Jumatano. Nililia, sioni haya kusema. Hakuna mtu aliyewahi kunisimamia hivyo, si kwetu, si huku.

Berlanga alisalimu amri kwa sharti moja: kinubi kikienea kwenye vani, twende nacho. Kisipoenea, kibaki, na Moreno abaki kwenye usukani.

Jumamosi asubuhi nilipofika, Mwalimu alikuwa ameshakipakia. Ufunguo wa akiba ulikuwa kwake, maana vani ililala uani kwake. Kinubi kilikuwa nyuma, kimelazwa, kimefunikwa simbamarara mpaka sakafuni. Kila safari mimi hukagua vani. Nilijifunza Tanga: unapiga alama ya rangi kwenye kila rimu, ili fundi asikubadilishie tairi ukigeuza kisogo. Alama yangu ilikuwa michirizi mitatu ya buluu. Nilizunguka, nikaona michirizi yangu kwenye matairi manne. La tano, la spea, lilikuwa likifungwa ndani, ubavuni kule nyuma. Kufika kwake ilibidi kufunua blanketi. Sikufunua. Hakuna aliyefunua lile blanketi, na asubuhi ile ndiyo kabisa nisingemkosea adabu.

Tulishika barabara ya arobaini na tano kwenda kusini, watu saba. Berlanga alikuwa mbele kwa gari lake na wapiga tarumbeta wawili. Tulipopita Corsicana tairi la nyuma likaanza kulegea. Nikaegesha, nikaomba radhi, nikafunua blanketi. Palikuwa na vyuma vitupu vya kulifungia. Nilisimama pale nimeinama, malori yanapita yanatikisa vani, najiuliza kama nimekuwa kichaa. Mwalimu alikuwa amesimama kando kwenye majani, ameshika kofia. Hakusema kitu. Nilidhani amesikitika kama wengine.

Nikampigia Berlanga. Nilimwambia tairi limechoka, spea hakuna, tumsubiri fundi. Akasema jukwaa ni saa kumi, jaza upepo, njoo hivyohivyo polepole. Nikamwambia si salama. Akasema, unataka kupiga kinubi au hutaki? Wote walisikia, simu ile ilikuwa na sauti kubwa. Nikajaza upepo. Nikaenda. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani na mguu ulikuwa wangu, hilo silikimbii. Ningeweza kuvuta breki ya mkono na kukaa chini. Nilitaka kupiga kinubi.

Tairi lilipasuka tumepita Huntsville, mchana mweupe, jua kali. Vani ilibiringika mara mbili. Nacho alikufa palepale. Mwalimu alivunjika mfupa wa bega. Mimi mkono wa kulia ulibanwa dirishani, vidole vitatu vikabaki huko kwenye majani. Kinubi kilitoka na mchubuko mmoja.

Berlanga alifika hospitali kabla ya ndugu zetu. Sikujua ameshaongea na Bwana Pruitt mpaka niliposomewa ripoti: dereva aliuza tairi la spea, akaficha, akaendesha gari bovu. Hakuna mstari uliotaja simu. Wale wengine wanne waliokuwa garini walikuwa wanakula kwa Berlanga, wakasema hawakusikia vizuri. Mwalimu alikuja mara moja tu, mkono umefungwa shingoni, akakaa kwenye kiti na kofia mapajani. Nikamwambia, Mwalimu, waambie ulivyosikia.

"Sina karatasi, Moreno," alisema. "Nikiweka jina langu pale, wananirudisha."

Hakuwa na karatasi, ni kweli, miaka yote ile. Akili yangu ilikubali. Mimi pia niliwahi kukaa bila karatasi, najua mtu anavyoogopa hata mlango ukigongwa. Lakini ni mtu gani huyu anayeshindwa kuvumilia uongo mdogo wa jina la muziki, anaukwaruzia uzi harusi nzima, kisha uongo wa kumfanya mwenzake mwizi na muuaji anaupitisha bila kukwaruza kitu?

Nilikwenda mazishini kwa Nacho na bandeji yangu. Kwetu hukosi mazishi ya mtu uliyesafiri naye. Kaka zake mjane walinizuia getini. Mjane mwenyewe, Doña Chelo, alinitazama mara moja akageuka mgongo. Mwaka uliofuata tulikutana dukani Fort Worth, akarudisha toroli lake nyuma kama aliyeona nyoka kwenye unga. Kazi ya udereva iliisha, hakuna aliyenipa usukani. Nikaingia kufua mashuka ya hospitali, kwenye joto, na vidole saba. Watu wa kwetu walinisalimia msikitini kwa ncha za mikono. Yote hayo niliyabeba, ila ule mgongo wa Doña Chelo. Nilitaka mtu mmoja tu duniani ajue, naye ni huyo.

Miaka minane nilimchukia Berlanga kwa kuamini kwamba yeye ndiye aliyelitoa tairi akaliuza. Nilikuwa nikiota namkaba.

Halafu binti yake Mwalimu akanipigia simu. Baba amezeeka, anahamia kwake Houston, na hataki mtu yeyote akiguse kinubi isipokuwa Moreno. Nikasema siendi. Mwanaidi akasema, "Nenda, baba, maana usipokwenda utanisumbua mimi mwezi mzima." Nikaenda.

Nilimkuta amekaa garaji kwenye kiti cha plastiki. Amekwisha, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Tulisalimiana vizuri. Alitazama mkono wangu akatazama pembeni. Kinubi kilikuwa kwenye kona yake chini ya simbamarara, ila kimesimama juu zaidi ya nilivyokuwa nakumbuka. Akaniambia nifunue. Ndiyo mara ya kwanza kuniambia hivyo. Nikavuta blanketi.

Kinubi kilikuwa kimesimama juu ya tairi. Tairi jipya, halijawahi kugusa barabara, na kwenye rimu michirizi mitatu ya buluu.

Nilikaa chini kwenye saruji.

"Kinubi hakikuenea," alisema. "Nilijaribu mara tatu alfajiri ile. Kilibaki hivi." Akaonyesha upana wa kiganja. "Nikasema ni siku moja tu."

"Ukanitazama nikitafuta."

"Nilikutazama."

"Na karatasi?"

"Karatasi sina kweli. Lakini hata ningekuwa nazo nisingesema."

Nikamwuliza kwa nini basi hakulitupa, angelitupa hakuna ambaye angejua mpaka kiyama. Akasema amelibiringisha mpaka barabarani mara nyingi, na kila mara alilirudisha. Alisema hakupiga kinubi tangu siku ile, alikisimamisha hapo juu ili kila akikitazama aone kimesimama juu ya nini. Alitaka nimwonee huruma kwa hilo. Nikamwambia inuka, vaa kofia.

Akasema tupakie kinubi kwanza. Nikasema kinubi kitasubiri, tena safari hii nafasi ipo.

Nilimkalisha mbele kwenye gari langu na tairi katikati ya miguu yake, magoti yamemkaa pembeni kama mtoto kwenye beseni. Tukaenda Fort Worth. Nilipoegesha mbele ya nyumba ya Doña Chelo alingoja nimteremshie. Sikumteremshia. Alilibiringisha mwenyewe, ameinama, anapumzika kila hatua nne, likamponyoka likaenda majanini akalifuata. Nilitembea nyuma yake. Jirani mmoja alisimama na mpira wa maji akitutazama, akaloesha viatu vyake.

Doña Chelo alifungua mlango. Aliniona mimi kwanza, akataka kufunga. Mwalimu akavua kofia akaanza kusema, kwa Kispania, na miaka mitano ya vani ilinitosha kuelewa kila neno. Hakupamba. Alisema kilichoenea na kisichoenea. Alisema Moreno hakuuza kitu. Mama yule alikuwa anatazama ile michirizi ya buluu. Mwalimu alipomaliza, mama aliuliza kama Berlanga alijua. Mwalimu akasema hakujua nani kalitoa, hakutaka kujua. Alikuwa tayari ana mtu wa kumtupia.

"Na nani alisema muendelee?"

"Berlanga, kwa simu," nikasema. "Na mimi nikaendelea."

Hapo ndipo aliponigeukia. Akaniuliza jina langu. Miaka minane nilikuwa Mwafrika tu midomoni mwao, na kwa Mwalimu Moreno. Nikamwambia naitwa Athumani Mbwana. Akalijaribu, akalikosea, akalijaribu tena. Akasema Jumapili ni kumbukumbu ya Nacho, nije na mke wangu, tule. Kwa Mwalimu hakusema njoo wala usije. Alimwambia aache tairi pale ukumbini, akaingia ndani.

Berlanga bado ana kundi lake. Sasa ana tarumbeta nne, na naambiwa ile hotuba ya Wafaransa bado anaitoa, tena kwa urefu zaidi kwa kuwa hakuna wa kumkwaruzia. Pruitt alistaafu na keki, nilisikia. Hao siwaachii, na nimewaandika majina ili wasije wakasema hawakutajwa.

Tulirudi Dallas jua likiwa bado juu. Mwalimu alikuwa amekaa wima, miguu yake ina nafasi sasa. Karibu na Arlington foleni ikasimama. Nikasikia kitu. Alikuwa ameweka viganja kwenye dashibodi anapiga taratibu, ile ya Jumapili, sehemu ya mkono wa kushoto, ile inayouliza. Akapiga, akaacha pengo. Akapiga tena, akaacha pengo, akinisubiri niingie.

Niliijua ile sehemu ya kulia kuliko jina langu. Niliacha mikono yangu yote miwili kwenye usukani, vidole saba, nikatazama gari la mbele.